Kimya Chini ya Muziki

Siku ile walikuwepo watu sita. Mama Kidoti huwahesabu mpaka leo, kwa vidole, kama mtu anayehakikisha hajasahau mtoto sokoni.

Alikuwepo Bibi, ambaye ndio kwanza alikuwa ametoka hospitali. Alikuwepo Baba Kidoti, mwanawe, dereva wa lori, aliyeomba ruhusa kazini ili ampokee mama yake. Alikuwepo Shangazi, dada yake Baba Kidoti, mwanamke mwenye mdomo usiojua pazia. Alikuwepo mshonaji wa nyumba ya jirani, ambaye ukuta wake na wao ni mmoja. Alikuwepo Kidoti wa miaka minne, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Na alikuwepo yeye, mama yake.

Sita. Wa saba hakuwepo.

Baba Kidoti aliegemeza simu kwenye kopo la sukari juu ya kabati, ikawa inarekodi yenyewe, ili na yeye aonekane. Bibi aliketi sebuleni kwenye kiti chenye mito miwili. Mto mmoja ulikuwa wa mshonaji. Aliuleta kwapani bila kuambiwa, akauchomeka nyuma ya mgongo wa Bibi, kisha akakaa kando kama si yeye.

"Mama, sema ukweli," Shangazi alisema. "Hospitali wamekurudisha kwa sababu ulikuwa unawafundisha kazi."

"Walikuwa hawajui kutandika kitanda," Bibi alijibu. "Niwaache?"

Wakacheka wote. Kidoti akalala mapajani mwa Bibi, na Bibi akamwimbia wimbo wake uleule wa kila jioni, kwa ile sauti yake ya kukwaruza kidogo:

*Lala, mlango umefungwa,*
*lala, sote tupo ndani.*

Halafu wakatoka nje kupiga picha ya pamoja. Baba Kidoti alimbeba Bibi na kiti chake. Muuza maji aliyekuwa akipita alitua madumu yake, akafuta mikono kwenye suruali, akawapiga picha kwa simu ya mshonaji. Picha hiyo ipo. Wote sita wamo, wamesimama mbele ya mlango.

Ile simu ya kabatini waliisahau. Ikaendelea kurekodi chumba kitupu.

Siku ya tisa Bibi akafariki.

Na Kidoti akanyamaza.

Hakuwa amenuna. Mama yake alijua kununa kwa mtoto wake, na huku hakukuwa kununa. Alikula alipopewa, alikuja alipoitwa, ila hakutoa neno. Kila jioni, giza lilipoanza kuingia, alikwenda kukaa sakafuni karibu na mlango wa chumba cha Bibi. Alikiinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayefuatilia redio ya jirani.

Daktari alimpima masikio, akampima koo. Akasema kila kitu ni kizima, mpeni muda. Wakampa muda. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha. Mama Kidoti akawa anaamka alfajiri na kumwangalia mtoto wake amelala, akitamani hata aongee ndotoni. Angetoa chochote kwa neno moja tu. Hata liwe "sitaki".

Ndipo alipopata wazo la video. Alijiambia, mtoto amemkumbuka bibi yake. Tumtengenezee filamu fupi, nzuri, yenye muziki wa chini chini, amwone Bibi akicheka. Huenda moyo ukafunguka.

Akaipeleka ile video kwa Fundi.

Fundi alikuwa na chumba kidogo nyuma ya duka la karatasi. Alihariri video za watu: za shule, za harusi, za wazee wakizungumza na wajukuu. Alikuwa mwanamume mpole, mrefu, anayezungumza polepole kana kwamba maneno yake ni vyombo vya udongo. Aliichukua ile kazi Jumatatu. Ijumaa akapiga simu kwamba iko tayari.

Mama Kidoti alitoka nyumbani jua likiwa limeshika ncha za paa. Alimshika Kidoti mkono. Njiani walipita kwa mshonaji, ambaye alikuwa mlangoni akivua miwani.

"Mnaenda wapi na giza hili linanyemelea?"

"Kwa Fundi. Kuchukua video ya Mama."

"Haya. Mwambie kama nimetoka mnene aniondoe," mshonaji alisema. Kisha akachukua kipande cha kitambaa chekundu kwenye kapu lake, akamfunga Kidoti kwenye kifundo cha mkono kama bangili. "Na wewe ukirudi uniambie kama nilitoka mnene. Nakungoja wewe, mama yako ataniogopa."

Kidoti alitazama kile kitambaa.

Kwa Fundi kulikuwa na kiti kimoja cha wateja. Fundi alikunja koti lake mara mbili, akaliweka juu ya kiti, akamkalisha Kidoti apate kufikia meza. Akazifuta hedifoni kwa shati kabla ya kumpa mama. Mama Kidoti aliyaona hayo yote, akashukuru moyoni. Huwezi kujua mtu alilelewaje, ila huonekana kwa anavyompa mtoto kiti.

"Kazi haikuwa nyepesi, dada," Fundi alisema. "Video za nyumbani zina makelele. Mara kijiko, mara pikipiki nje, mara mtu anavuta kiti. Ukikata hapa ukaunga pale, sikio linashtuka. Sasa dawa yake ni kimya."

"Kimya?"

"Kila chumba kina kimya chake. Kimya cha hapa si kimya cha kwako. Sasa mimi natafuta pahali ambapo hakuna anayeongea, nachukua kile kimya, naking'oa, halafu nakitandaza chini ya filamu nzima, mwanzo mpaka mwisho. Kama shuka. Juu yake ndiyo naweka maneno ya watu. Juu kabisa naweka muziki. Ukisikiliza hutajua palipoungwa."

"Sasa hicho kimya ulikipata wapi, maana sisi hatujui kunyamaza."

Fundi akacheka. "Mlitoka nje mkasahau simu. Dakika mbili nzima, chumba kitupu. Sijawahi kupata kimya kizuri kama kile."

Akabonyeza.

Muziki ulikuwa wa gitaa moja tu, taratibu, kama mtu anayetembea pekupeku asiamshe watu. Bibi akatokea. Alikuwa akirekebisha kitenge chake, akisema, "Walikuwa hawajui kutandika kitanda." Mama Kidoti alihisi machozi yakimjia, akayaacha. Fundi aliweka pia vile vipande vya zamani walivyompa: Bibi akimwagilia maua, Bibi akimfunza Kidoti kufunga kamba za viatu. Chini ya vyote, gitaa. Filamu ilikuwa ya dakika sita.

Mwishoni gitaa likafifia. Likafifia... likaisha. Ikabaki picha ya zamani ya kiti kitupu cha Bibi, sekunde tano, bila muziki.

Na katika sekunde zile, Kidoti, aliyekuwa akisikia kupitia spika ndogo ya mezani, alifungua mdomo.

Akaimba.

Hayakuwa maneno. Ilikuwa ile mm-mm ya kinywa kilichofumba nusu. Sauti nyembamba, yenye kutu ya miezi mitatu. Mama Kidoti alizitupa hedifoni, akamkumbatia mtoto hapo hapo kwenye kiti, akalia kwa sauti bila kujali. Fundi aligeuka akatazama ukutani, awaachie nafasi, akajifanya anatafuta waya.

Hakuna aliyejiuliza ule wimbo mtoto alijifunza wapi.

Walifika nyumbani kweupe kukiwa kumebaki kidogo tu. Baba Kidoti alikuwa safarini na lori. Shangazi ndiye aliyekuwepo, amekuja na mkoba wake wa usiku mmoja, ameshapika, ameshasema kuhusu vumbi la dirishani.

"Wifi, kaimba," Mama Kidoti alisema akiwa bado mlangoni. "Kidoti kaimba."

Shangazi aliweka mwiko chini. Alipiga magoti mbele ya Kidoti, akamshika mashavu, akamwangalia kwa muda. Kisha akasema, "Haya, malkia. Tuimbie na sisi wa daraja la tatu."

Wakachomeka kwenye televisheni flashi waliyopewa na Fundi. Wakaketi wote watatu kwenye mkeka. Gitaa likaanza.

Safari hii Kidoti hakungoja mwisho. Alianza mapema, tangu Bibi alipotokea. Mm-mm... mm-mm... Hakufuata gitaa. Gitaa lilikwenda njia yake, naye akaenda njia yake. Ni kama alikuwa akifuata kitu kingine kilichokuwa chini ya gitaa.

Shangazi alikuwa anatabasamu. Tabasamu likaganda.

"Wifi," alisema polepole. "Huo wimbo kaufundishwa na nani?"

"Si wa Mama? Ule wa kulala."

"Sikiliza vizuri."

Mama Kidoti akasikiliza. Mwanzo ulikuwa uleule. Lakini wimbo wa Bibi uliishia chini, kama mtu anayeketi baada ya kazi. Huu uliishia juu. Ulipanda, ukakatika pale, kama mtu aliyeuliza swali na anangoja ajibiwe.

"Kidoti," Shangazi aliita. "Nani anaimba hivyo, mama?"

Kidoti hakuonyesha televisheni. Aliinua mkono wenye kile kitambaa chekundu, akaonyesha mlango wa chumba cha Bibi.

Simu ikaita. Alikuwa Fundi.

"Dada, samahani." Sauti yake haikuwa na ule upole wa kuchagua maneno. Ilikuwa ya haraka, ya chini. "Mmeshaiweka?"

"Tunaitazama."

"Mlipoondoka nilijiuliza mtoto kafuata nini, maana gitaa haliendi vile. Nikatoa muziki wote. Nikatoa sauti zenu. Nikabaki na kile kimya peke yake, nikakipandisha mpaka juu. Dada, mlipotoka nje, nani alibaki ndani?"

Mama Kidoti aliinua macho ukutani. Ile picha ya muuza maji ilikuwa pale, kwenye fremu. Bibi kwenye kiti. Baba Kidoti. Shangazi anacheka. Mshonaji. Kidoti. Yeye.

"Hakubaki mtu, Fundi."

"Basi kuna mtu anaimba."

Fundi hakungoja aulizwe.

"Mwanamke. Yuko mbali na simu, kama yuko chumba cha pili. Mwanzoni. Halafu anakuja, anasogea. Mwisho wa zile dakika mbili yuko karibu kabisa na kabati, nasikia anavyovuta pumzi. Na mimi, Mungu anisamehe, nimemtandaza filamu nzima. Nimemweka kwenye kila siku ya huyo bibi. Zima, dada. Zima kwanza, halafu..."

Umeme ukakatika.

Televisheni ikafa. Gitaa likafa. Taa ya barabarani ikafa. Madirishani kulikuwa na ule mwanga wa mwisho wa jioni, wa kijivu, unaotosha kuona mtu lakini hautoshi kuona uso wake.

Kidoti alinyamaza.

Wimbo haukunyamaza.

Mm-mm... mm-mm...

Ulitoka chumbani kwa Bibi. Ulikuwa wa polepole, wenye subira, karibu wa upendo. Ulipanda, ukakatika. Ukangoja. Ukaanza tena.

Kisha ikaja harufu. Chumba cha Bibi kilikuwa na harufu yake, ya sabuni ya mche na mafuta ya nywele, na Mama Kidoti alikuwa hajakifagia vizuri makusudi ili isitoke. Hii haikuwa ile. Ilikuwa ya udongo uliolowa, na maziwa yaliyochacha. Maziwa ya mama. Mwanamke aliyewahi kunyonyesha huijua harufu hiyo kwenye nguo zake mwenyewe.

Kitasa kilizunguka. Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono.

Kidoti akasimama.

"Kidoti, kaa," mama yake alinong'ona.

Mtoto alikuwa akiutazama ule mlango, kichwa kimeinama upande. Wimbo ukapanda. Ukauliza. Na Kidoti, ambaye kwa miezi mitatu mama yake alikuwa akiomba Mungu ampe neno moja tu, alifungua mdomo akasema, kwa sauti safi kabisa:

"Nakuja."

Akaanza kutembea.

Mama Kidoti alimrukia, akamkamata kiunoni. Alikuwa amembeba mtoto huyo tangu azaliwe, alijua uzito wake kama anavyojua uzito wa ndoo yake. Sasa hakumweza. Yule mtoto mdogo alimkokota mama yake juu ya mkeka, hatua moja, hatua ya pili, bila kujitahidi, bila kugeuka. Ni kama upande wa pili palikuwa na mtu anayevuta kamba.

"Wifi, nisaidie..."

Shangazi alikuwa ameshika miguu ya Kidoti. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Imba," Shangazi alisema.

"Nini?"

"Wimbo wa Mama. Mimi hautoki, koo limefunga. Imba wewe. Mama hakuwa anambembeleza mtoto, wifi. Alikuwa anaimba ili mtoto asimsikie huyo. Kila jioni, miaka yote. Na sisi alituimbia hivyo hivyo. Imba juu yake."

Mama Kidoti hakujua kuimba. Hilo lilikuwa jambo la kuchekesha katika familia. Shuleni, mwalimu wa kwaya alimwambia afungue mdomo tu, sauti awaachie wengine, na kwa miaka saba akafungua mdomo bila kutoa kitu. Hata Kidoti alipokuwa mchanga, alimwachia Bibi kazi ya nyimbo. Alikuwa akisema, mimi nitamtisha.

Akafungua mdomo. Ilitoka pumzi.

Hatua ya tatu. Mkono wenye kitambaa chekundu ulikuwa umeshanyooshwa. Kutoka kwenye ule uwazi wa mlango, kitu cheupe kama unga kilikuwa kinasogea, nacho kikinyooka. Hakukitazama. Anasema mpaka leo kwamba Mungu alimpa akili ya kutokitazama. Aliufunika uso wake nyweleni mwa mtoto, na akaimba.

*Lala, mlango umefungwa,*
*lala, sote tupo ndani.*

Sauti ilitoka vibaya. Ilipasuka katikati, ikakosea njia, ikarudi. Ule wimbo mwingine ukapanda, ukawa mkubwa, ukajaa kuta. Akaimba juu yake. Akaimba mara ya pili, ya tatu. Maneno ya Bibi yalikuwa machache, yalimwishia, akaweka ya kwake. Akaweka watu.

*Bibi yupo, baba yupo,*
*shangazi yupo, mama yupo,*
*mshonaji naye yupo,*
*Kidoti tumemshika.*

Akawahesabu wote sita wa siku ile, walio hai na asiye hai, akarudia, akarudia. Na kila alipofika mwisho, alishusha sauti chini, chini kabisa, kama alivyofanya Bibi. Kama mtu anayekaa.

Upande wa pili wa ukuta kitu kilianza kugonga. Tak-tak-tak-tak. Ilikuwa cherehani ya mshonaji. Alikuwa amesikia, hakujua nini kimetokea, hakuwa na umeme wala taa, lakini aliketi gizani akaikanyaga cherehani yake kwa miguu kwa nguvu zote. Anasema miguu ilimpeleka yenyewe.

Kidoti alirudi kuwa mzito. Mzito wa kawaida, wa mtoto wa miaka minne aliyechoka. Akalegea mikononi mwa mama yake.

"Mama," alisema. "Unaimba vibaya."

Mlango wa chumba cha Bibi ulijifunga, taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayeondoka bila kuamsha wenyeji.

Hawakulala mle. Walikwenda kwa mshonaji, akawapa kitanda chake, yeye akajitandikia kwenye marobota ya nguo. Umeme uliporudi walikuwa wameketi wanawake watatu, Kidoti amelala katikati yao. Mama Kidoti hakuthubutu kunyamaza. Aliendelea kuimba kwa chini chini huku wenzake wakiongea.

"Mama alizaa watatu," Shangazi alisema. Alikuwa akitazama mikono yake. "Wewe unatujua wawili. Kabla yangu alikuwepo kaka. Alikuwa na miaka minne. Jioni moja aliingia chumba kile kuchukua mpira. Mama alimkuta amelala kitandani, amefunikwa vizuri shuka mpaka kidevuni, kama mtoto aliyelazwa na mama yake. Hakuamka."

Mshonaji alishika kinywa.

"Kabla ya Mama kuhamia, alikaa hapo mwanamke aliyefiwa na mtoto. Watu wa zamani walisema alikwenda kwa mganga, akamwomba amrudishie mwanawe. Mganga akamwambia, wa kurudi hayupo, ila naweza kukufanya umngoje. Naye akakubali. Hakuna aliyemwona akihama na mizigo. Nyumba ilikutwa wazi tu."

"Sasa kwa nini Mama hakuhama?" Mama Kidoti aliacha kuimba kidogo kuuliza. "Miaka yote ile, wifi. Kwa nini?"

Shangazi aligusa kile kitambaa chekundu mkononi mwa Kidoti.

"Nilimuuliza mara moja. Aliniambia, nikihama nitamwachia nani mwanangu? Peke yake na yule?"

Asubuhi Fundi alikuja mwenyewe, macho mekundu. Alikuwa amefuta kila kitu: flashi, kompyuta, hata ile rekodi ya asili kwenye simu, kwa ruhusa yao. Alileta filamu mpya. Alikuwa ameiunga upya kutoka vipande vya zamani, vile vya nje, vya maua na kamba za viatu, na chini ya gitaa alikuwa ametandaza kimya cha chumba chake mwenyewe. Alikirekodi alfajiri akiwa amekaa macho, aone kwamba hakuna mtu. Alikataa hata chai. Alimpa Kidoti lile koti lake lililokunjwa, akasema ni la kukalia popote atakapohamia.

Walihama wiki ile ile. Kwenye nyumba mpya Kidoti aliongea mpaka Shangazi akauliza kama kuna mahali pa kumzima. Mama yake huimba kila jioni, vibaya kama kawaida, na hakuna anayecheka.

Jambo moja bado linamsumbua, naye hulisema kwa sauti ya chini. Alipokuwa akiimba usiku ule, uso umezama nyweleni mwa mtoto, ule wimbo mwingine ulipokuwa unapungua, alisikia nyuma yake kitu cha tatu. Sauti ndogo. Ya mtoto wa kiume. Ilikuwa inalijua jibu la wimbo, ikaliimba hadi mwisho, pale chini, pamoja naye.

*...sote tupo ndani.*

Mwezi uliofuata nyumba ile ilipata wapangaji. Mke na mume vijana, wana mtoto wa miezi mitano. Mama Kidoti alikwenda kuwaona, akiwa na maneno aliyoyapanga njia nzima. Yule mama mdogo alimpokea vizuri, akamfutia kiti. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatabasamu kwa upole, kama unavyomtabasamia mtu mwenye msiba.

"Asante, dada," alisema. "Ila wimbo hata sihitaji. Huyu wangu namweka chumba kile jioni, analala mwenyewe. Tangu tuhamie hajawahi kulia."

Mshonaji ameisogeza cherehani yake mpaka ikagusa ukuta. Kila jioni, giza linapoanza kuingia, huikanyaga, hata siku asizokuwa na nguo ya kushona.